Gredi ya Saba Isianze kwa Ukurasa wa Kwanza

Jioni hii nimeombwa nizungumzie mwalimu anayefungua mwaka mpya na watoto wa miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Ningeweza kuanza na mishahara, au uhaba wa maabara, au ugomvi wa chinichini kati ya walimu wa ngazi mbili waliomo katika ua mmoja wa shule. Mambo hayo yana uzito wake, na mengine nitayagusa. Lakini hoja niliyokuja nayo ni moja, tena nyembamba. Nasema kwamba mwalimu wa Gredi ya 7 nchini Kenya anapaswa kuzitumia wiki mbili za kwanza za muhula wa kwanza kujua watoto wake wanajua nini hasa, kabla ya kufungua mada ya kwanza ya silabasi. Sisemi awatungie mtihani; mtihani wanao, na nitaueleza ubaya wake baadaye. Nasema ajue. Na nimetumia neno "anapaswa" kwa makusudi, kwa sababu ushahidi tulio nao, mwingine uliokusanywa katika shule zetu wenyewe za Magharibi mwa Kenya, unaonyesha kuwa kufundisha bila kujua hilo ni kuwafundisha wachache tu walio darasani.

Tukumbuke kwanza tunamzungumzia mwalimu gani. Sekondari msingi, au JSS kama wengi wetu tunavyoendelea kuiita hata baada ya jina kubadilishwa, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza Januari 2023. Wiki chache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2022, jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilipendekeza kwamba Gredi za 7, 8 na 9 ziwekwe katika shule za msingi badala ya kuhamishiwa sekondari. Shule nyingi zikafungua na mwalimu mmoja au wawili wa ngazi hiyo, na wengi wao walikuwa walimu wa mafunzo kazini waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mgomo wao wa 2024 mnaukumbuka. Baadaye jopo hilohilo lilipendekeza masomo yapunguzwe, na leo ni tisa. Hata hivyo, mwalimu aliyesomea Kemia na Bayolojia chuoni bado anaweza kujikuta anafundisha Sayansi Jumuishi asubuhi, Kilimo na Lishe kabla ya chakula cha mchana, na Masomo ya Awali ya Kiufundi alasiri. Huyu ni mtu aliyeandaliwa kufundisha shule ya upili. Chuoni alifunzwa namna ya kuwafundisha watu wanaojua kusoma. Hakufunzwa kumfundisha mtu kusoma, wala hakuna aliyemwambia kwamba siku moja huenda akahitaji ujuzi huo. Januari inapofika anakabidhiwa darasa la watoto hamsini, sitini, pengine zaidi, na mtaala unaochukulia kwamba kila aliyeketi mbele yake amevuna yote yaliyopandwa katika Gredi ya 1 hadi ya 6.

Je, wameyavuna? Ripoti ya mwaka 2021 ya Uwezo, shirika linalopima kujifunza kwa watoto, iliwapima watoto wa Gredi ya 4 kwa kuwapa kifungu cha kiwango cha Gredi ya 3. Takribani wanne kati ya kumi ndio walioweza kukisoma kama inavyotarajiwa. Watoto hao wamekwisha kupita Gredi ya 7. Naam, walikuwa watoto wa mwaka wa Korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Lakini kabla ya janga hilo Uwezo walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kwa takriban miaka kumi, wakirudi kila mara na habari za aina ileile: mtoto yumo katika darasa fulani na uwezo wake umebaki madarasa mawili au matatu nyuma. Korona haikuleta pengo hili, ililipanua tu. Kwa hiyo mwalimu wa Gredi ya 7 anayeingia darasani na kuwachukulia watoto wote kuwa wa Gredi ya 7 anaanza kazi kwa dhana ambayo takwimu zilikwisha kuikana.

Sasa tuangalie dhana hiyo inaleta hasara gani. Katikati ya miaka ya tisini shirika moja la misaada liligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za Busia na Teso, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo. Shule zilizopewa vitabu zilichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo ulinganisho ulikuwa wa haki. Kila mtu alitarajia alama zipande. Shule haina vitabu, ipe vitabu, watoto watajifunza. Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale tu waliokuwa juu tangu mwanzo. Wengi wa waliobaki hawakuweza hata kuvisoma vitabu hivyo: vilikuwa vya Kiingereza, na viliandikwa kwa kumkusudia mtoto anayekwenda sambamba na mtaala. Makala yao yalichapishwa 2009, na kichwa chake kwa Kiingereza kinauliza kama watoto wengi wanaachwa nyuma. Mimi huona huu ndio utafiti unaopaswa kubandikwa katika kila ofisi ya elimu ya kaunti, kwa sababu hauwasuti watoto wala walimu. Unaonyesha kwamba nyenzo nzuri ikielekezwa kwa mtoto ambaye hayupo darasani, yule aliyepo hapati kitu. Na kama kitabu kinaweza kumkosa mtoto hivyo, somo la mdomo linaweza kumkosa vilevile, hata likiwa na andalio lililojazwa vizuri na kutiwa sahihi.

Utafiti wa pili nao ni wa Magharibi. Mwaka 2005 shule 121 ziliongezewa mwalimu mmoja wa mkataba katika darasa la kwanza, hivyo kila darasa likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa ovyo ovyo. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa kufuata walichokuwa wanakijua. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walitarajia mjadala ule wa kawaida, kwamba mgawanyo wa namna ya pili ungewasaidia wenye nguvu na kuwazamisha wanyonge. Baada ya miezi kumi na minane makundi yote mawili katika shule zile yalikuwa mbele, ya juu na ya chini. Maelezo waliyoyapa ndiyo yanayonihusu jioni hii: mwalimu alipokuwa na watoto wanaokaribiana aliweza kushusha au kupandisha somo hadi pale walipo. Sipendekezi tugawe mikondo kwa alama, na nitasema kwa nini. Ninachochukua hapo ni kwamba somo likifika mahali mtoto alipo, hata mtoto wa mwisho hujifunza. India nako, katika miji ya Mumbai na Vadodara, watoto wa darasa la tatu na la nne waliobaki nyuma walitolewa darasani kwa saa mbili kila siku wakafundishwa yale hasa waliyokosa, na wasichana wa mitaa hiyohiyo waliokuwa na elimu ya sekondari tu. Alama zikapanda. Wasichana wale hawakuwa na shahada za ualimu. Walijua mtoto amekwama wapi.

Mtanikatiza hapa, na mtakuwa na haki: tafiti hizo mbili za mwisho ni za madarasa ya chini, nami nazungumzia vijana walio mlangoni mwa ubalehe. Ni kweli. Lakini fikirini pengo linavyokwenda. Mtoto aliyeachwa nyuma kidogo darasa la pili anafundishwa mambo ya darasa la tatu ambayo yanalihitaji lile alilokosa. Analikosa na hilo pia. Lant Pritchett na Amanda Beatty walipoandika kuhusu mitaala inayokwenda mbio kuliko watoto, mwaka 2012, walieleza utaratibu huu bila kuweka chumvi: kadiri mtaala unavyotangulia, idadi ya watoto wasiopata chochote kutoka katika somo la siku huongezeka mwaka hadi mwaka. Hivyo Gredi ya 7 ina sababu zaidi ya kupima kuliko Gredi ya 2, kwa kuwa hapo ndipo umbali kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho darasani unaweza kuwa umefika miaka minne, mitano. Na baada ya hapo hakuna kituo kingine. Miaka mitatu, kisha KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, kisha kupangiwa njia ya sekondari ya juu.

Kujua kwenyewe kunafananaje? Niingie ndani kidogo, maana neno "tathmini" limetumika hata likachakaa. Chukueni Hisabati. Mada ya kwanza ya Gredi ya 7 ni nambari nzima, thamani ya nafasi hadi mamia ya mamilioni. Mwalimu anaandika ubaoni nambari ya tarakimu tisa na kuanza. Sasa mpeni mtoto hesabu hii ndogo ya gredi za chini: 503 toa 267. Mmoja anaandika 236. Mwingine anaandika 364. Tukitia mkasi tu, wa pili amekosa na tumemaliza. Lakini tazameni 364 imetoka wapi: tano toa mbili ni tatu, sifuri na sita, akachukua kubwa akatoa ndogo, sita, tatu na saba, vivyo hivyo, nne. Huyu hakukisia. Ana kanuni, anaifuata kwa uaminifu, na kanuni yenyewe ni mbovu: katika kila safu anatoa ndogo kutoka kubwa, kwa sababu hajui kwamba ile tano inasimama mahali pa mamia matano ambayo yanaweza kuvunjwa. Yaani hajui thamani ya nafasi. Mpeleke kwenye mamia ya mamilioni leo, atajifunza kutaja majina ya safu tisa kama anavyokariri shairi, na ataendelea kuandika 364.

Au mwulizeni ipi kubwa, 0.45 au 0.6. Wengi watasema 0.45, kwa kuwa arubaini na tano imeipita sita. Au mwambieni ajumlishe robo tatu na humusi mbili. Atakupa tano juu ya tisa, akiwa amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Mwulize basi kama jibu lake limezidi robo tatu aliyoanza nayo au limepungua. Swali hilo moja, likiulizwa kwa upole na mtoto akapewa muda wa kufikiri, lina manufaa kuliko maswali arobaini ya kuchagua. Katika kusoma, mpeni aya moja ya sentensi sita, ya Kiswahili au ya Kiingereza, aisome kwa sauti, halafu aseme kilichotokea ndani yake. Mtakutana na mtoto anayesoma kwa mwendo mzuri, na vituo anavizingatia, lakini ukimwuliza ni nani aliyeiba mbuzi anakutazama tu. Huyo alipita madarasa sita bila kugunduliwa kwa sababu anasikika vizuri. Mwalimu wa Sayansi Jumuishi asipomjua, atadhani mtoto hapendi sayansi.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia kwa walimu ni kwamba hayo tayari yanafanywa. Muhula ukifunguliwa kuna mtihani, ule unaoitwa opena. Ni kweli upo, na ningependa ufutwe. Opena, kama inavyofanyika katika shule nyingi, ni karatasi za kununua, zilizochapwa na mtu asiyewajua watoto hawa, zinazofanywa siku mbili au tatu, zikasahihishwa usiku, kisha orodha ya nafasi ikabandikwa ukutani. Ni mizani ya sokoni: itakuambia gunia lina kilo ngapi, haitakuambia ndani mna mahindi au mawe. Mtoto aliyepata 38 katika Hisabati amepata 38, na mwalimu hajui kama ni sehemu, ni desimali, au ni Kiingereza cha maswali yenyewe. Siku inayofuata anafundisha mada ileile ambayo angeifundisha hata kama kila mmoja angepata 80. Hicho ndicho kipimo changu cha tathmini yoyote: je, ilibadilisha kilichofundishwa Jumatatu iliyofuata? Paul Black na Dylan Wiliam, walipokusanya tafiti nyingi za tathmini za darasani mwaka 1998, walisisitiza jambo hilohilo, kwamba upimaji huinua masomo pale tu matokeo yake yanapogeuza ufundishaji. Opena haigeuzi kitu, isipokuwa nyuso za watoto.

Na KPSEA, ule wa mwisho wa Gredi ya 6? Huo nao una kazi yake, na Baraza la Mitihani huzipa shule ripoti. Lakini mwalimu anapopokea habari kwamba mtoto "anakaribia matarajio" katika Hisabati amepewa kitongoji, hajapewa nyumba. Kuna chanzo kingine cha habari ambacho hakigharimu hata shilingi, nacho hakitumiki. Mwalimu aliyewafundisha watoto hawa Gredi ya 5 na ya 6 yuko pale pale, hatua hamsini kutoka darasa la Gredi ya 7, kwa kuwa ua ni mmoja. Anajua nani alihama katikati ya muhula, nani haoni ubaoni, nani aliacha kusema tangu msiba wa nyumbani kwao. Katika shule ngapi walimu hawa wawili huketi pamoja saa moja mwezi wa Januari? Tangu 2023 walimu wa JSS wamekuwa wakidai wawe na uongozi wao, mbali na walimu wakuu wa msingi, na madai hayo yana hoja za kazi ambazo sitaki kuzibeza. Ila ugomvi wa vyeo ukimfanya mwalimu asivuke ua kuuliza, anayelipa ni mtoto.

Pingamizi la pili ni muda, na hili ndilo zito. Muhula wa kwanza una wiki kama kumi na tatu. Kipindi ni dakika 40. Hisabati ina vipindi vitano kwa wiki. Ukiondoa wiki mbili umeondoa vipindi kumi, na mwalimu mkuu anataka rekodi ya kazi iende sawa na maazimio. Zaidi ya hayo, alama za Gredi ya 7 sasa zina thamani: tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9, KPSEA asilimia 20, na KJSEA yenyewe asilimia 60. Mwalimu akichelewa, anawachelewesha watoto katika jambo linalohesabiwa. Najibu kwa hesabu, si kwa hisia. Darasa la watoto 60, kila mmoja akisoma aya na kujibu maswali mawili kwa dakika mbili, ni dakika 120: vipindi vitatu. Walimu wa Kiswahili na Kiingereza wakigawana darasa, kila mmoja ana kipindi kimoja na nusu. Wakati mtoto mmoja yuko mezani kwa mwalimu, wengine 59 wana karatasi ya maswali sita ya Hisabati yaliyoandikwa kwa mkono ubaoni, kila swali likitega kosa moja linalojulikana. Kuzisoma karatasi 60 kwa kutafuta aina ya kosa, na si kwa kutoa alama, ni kazi ya jioni mbili. Wiki ya kwanza inatosha kujua. Wiki ya pili ni ya kurekebisha lile moja lililojitokeza kwa wengi. Tena vipindi hivyo kumi havijapotea, kwa sababu mada za kwanza za silabasi ya Gredi ya 7, yaani nambari nzima, sehemu na desimali, ndizo hizohizo zinazorekebishwa. Mwalimu hajatoka nje ya mtaala; ameingia kwa mlango ambao watoto wanaweza kuupita.

Lakini kuna kinachotakiwa kusemwa wazi kuhusu hii haraka ya kumaliza silabasi. Kumaliza ni kitendo cha nani? Mwalimu anaweza kumaliza peke yake. Rekodi ya kazi ikajaa, sahihi zikatiwa, mada zote zikafundishwa mbele ya watoto ambao nusu yao walibaki katika mada ya pili. Vitabu vya Busia navyo viligawiwa.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wazazi, na kwa walimu wenye huruma: ukimpima mtoto utampachika jina. Akishajulikana kuwa hajui kusoma katika Gredi ya 7, nani atamsahau? Watu hurejelea hapa kitabu cha Robert Rosenthal na Lenore Jacobson cha 1968, kuhusu shule moja ya South San Francisco, California, ambako walimu waliambiwa kwamba watoto fulani wangechanua mwaka huo, ilhali majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu, na baadhi ya watoto hao wakapanda kweli. Matokeo yale yamebishaniwa tangu siku yalipochapishwa, na yalionekana zaidi kwa watoto wa madarasa mawili ya chini kabisa. Hata tukiyakubali yote, angalieni yanasema nini: kilichowasukuma watoto ni matarajio ya mwalimu yaliyojengwa juu ya habari ya uongo. Dawa ya matarajio ya uongo ni habari ya kweli, tena ya kina. "Huyu ni wa mwisho" ni lakabu. "Huyu hajui kuvunja mamia, mengine anayajua" ni kazi ya siku nne. Hapa ndipo ninapoachana na wanaotaka mikondo ya wajuzi na wasiojua katika sekondari msingi. Darasa la kwanza mtoto huenda hajui amewekwa upande gani. Wa miaka kumi na mitatu anajua kabla hujamaliza kusoma orodha, na rafiki zake wanajua, na atalibeba hilo hadi nyumbani. Makundi ya muda, ya somo moja, yanayovunjwa baada ya wiki mbili, hayo nayakubali.

Umri huu una jambo lake. Carol Midgley, Harriet Feldlaufer na Jacquelynne Eccles waliwafuatilia watoto wa Michigan waliotoka Gredi ya 6 kwenda Gredi ya 7, ambayo kule ni kuhamia shule nyingine na kukutana na walimu wengi badala ya mmoja. Walichapisha 1989. Watoto waliotoka kwa mwalimu wa Hisabati aliyejiamini kuwa anaweza kumfundisha yeyote, wakaingia kwa mwalimu asiyejiamini hivyo, walimaliza mwaka wakiwa wamepoteza imani katika uwezo wao wenyewe, na walioumia zaidi ni wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Marekani si Kakamega, najua. Ila mwalimu wa JSS aliyepewa somo asilolisomea, darasa kubwa na mkataba usioeleweka, ana kila sababu ya kutojiamini. Na mwalimu asiyejua mtoto amekwamia wapi hana pa kuanzia kujiamini. Akishalijua kosa lenyewe, lile la 364, ana kitu cha kufanya kesho saa mbili asubuhi. Naamini hilo linamrudishia nguvu kuliko semina ya siku tano hotelini. Nimesema naamini, sehemu hiyo ni maoni yangu.

Kuna mambo ambayo wiki mbili hazitayatatua, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimesema zitayatatua. Mtoto asiyejua kusoma kabisa hatajua kusoma kufikia mwisho wa Januari. Huyo anahitaji dakika ishirini kila siku kwa miezi, na anahitaji mtu aliyefunzwa kazi hiyo, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa Gredi ya 2 au ya 3 aliye upande wa pili wa ua. Kumkopesha mwalimu huyo kwa JSS mara tatu kwa wiki, naye mwalimu wa JSS akamsaidia upande wa msingi kwa somo la Sayansi, ni mpango ambao mwalimu mkuu anaweza kuupanga kwenye ratiba yake bila waraka kutoka Nairobi. Wala wiki mbili hazitapunguza watoto 80 kuwa 40. Serikali ilianza kujenga madarasa ya Gredi ya 9 kwa kuchelewa na walimu bado hawatoshi. Hilo lidaiwe kwa sauti, na chama cha walimu kilidai. Lakini darasa likiwa kubwa ndipo kukisia kunapokuwa ghali zaidi, maana idadi ya watoto wanaokoswa na kila somo ni kubwa vilevile.

Limebaki suala la nani aruhusu. Mwalimu wa kawaida, hasa aliye mgeni katika ajira, hawezi kuacha maazimio kwa wiki mbili kwa uamuzi wake mwenyewe. Afisa wa mtaala wa zoni atafika, atafungua rekodi ya kazi, atauliza umefika mada gani, na jibu "bado sijaanza" litaandikwa katika daftari lake kama uzembe. Kwa hiyo ombi langu la mwisho ni kwa maafisa hao, na kwa walimu wakuu wanaowapokea. Mkifika Gredi ya 7 katika wiki ya tatu ya Januari, iacheni rekodi ya kazi kidogo. Mwombeni mwalimu awaonyeshe karatasi za watoto watatu, wale mnaowachagua ninyi na si yeye, na awaeleze kila mmoja anakosea nini na kwa nini. Asipoweza, hapo andikeni. Akiweza, mwulizeni anahitaji nini ili aendelee, kisha mpelekeeni mwalimu mkuu ombi hilo kabla hamjaondoka shuleni.